Gitaa la fundi asiyejulikana, 650,000: nichukue au nikimbie?

Ridimu_Makindye
Wakuu, salaam. Mimi ni mpiga ridimu kwenye kwaya yetu ya Kiswahili hapa Makindye, Kampala. Miaka minne nimetumia gitaa la plaiwudi la dukani, na sasa shingo imepinda kama upinde. Wiki jana mzee mmoja anayehama alinionyesha gitaa kavu (lisilo la umeme) lililochongwa kwa mkono. Ndani kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: Jinja, 2009, na jina la fundi. Nimeuliza kila mpigaji ninayemjua, hakuna aliyewahi kulisikia. Mgongo ni mbao nzito ya kahawia, uso mweupe, ubao wa freti (vile vyuma vya kukata shingo) mweusi tii. Mzee anasema ni mpingo. Sauti ya besi ni tamu, ila ukishuka chini ya shingo vidole vinauma. Anataka shilingi 650,000. Nichukue?

KakaWaNtinda
Achana nalo. Siku ukikwama na ada ya shule utamuuzia nani? Jina ndilo pesa. Ongeza kidogo, tafuta la kampuni inayojulikana.

Ridimu_Makindye
Kaka, sinunui ili niuze.

KakaWaNtinda
Wote husema hivyo.

Mzee_wa_Solo
Mwanangu, jina la fundi liweke kando kwanza. Mbao hazisomi karatasi. Rudi kwa huyo mzee ukiwa na rula ndefu ya chuma, tochi ya simu na kioo kidogo cha kunyolea ndevu.

Anza na hesabu, maana hapo ndipo fundi wa kubahatisha hukamatwa. Pima kutoka ule mfupa wa kichwani unaobeba nyuzi hadi freti ya 12, kisha kutoka freti ya 12 hadi mfupa wa kwenye daraja, yaani kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi. Vipimo viwili vikaribiane sana, hicho cha pili kizidi milimita moja au mbili tu. Kama urefu wote ni milimita 650, freti ya kwanza inakaa kama milimita 36 na nusu kutoka mfupani, kwa sababu urefu hugawanywa kwa 17.817. Freti zikikosewa, gitaa halitatuni milele. Hata malaika hawezi kulitengeneza bila kung'oa ubao mzima.

Kisha laza rula juu ya freti, iende hadi kwenye daraja. Ikigusa juu ya mbao ya daraja, pembe ya shingo ni nzuri. Ikigonga ubavu wa daraja, shingo imelala mbele, na hiyo ni kazi ya pesa nyingi.

Mwisho gonga uso kwa kidole, polepole, pande zote. Ukisikia mtetemo kama wa bati bovu, kuna kipande cha ndani kimebanduka. Huko ndani chungulia kwa kioo.

Dada_Adungu
Naongezea kuhusu huo mpingo. Futa ubao kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka cheusi, basi umepakwa rangi. Mpingo wa kweli ni mzito hata kipande chake huzama majini. Na tazama ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikishuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini, uso ni mbao nzima. Ukiona tabaka kama za chapati, ni plaiwudi.

Ridimu_Makindye
Nimerudi jana. Asanteni, nilionekana kama daktari.

Hesabu ya freti iko sawasawa: 325 kwa 326. Uso ni mbao nzima. Kitambaa kilitoka cheusi, kwa hiyo mpingo umekufa hapo hapo (mzee aliona aibu, nadhani naye alidanganywa). Shida ni hii: uso umefura nyuma ya daraja, na nikisukuma karatasi chini ya ukingo wa nyuma wa daraja inaingia kama milimita 3. Uzi mnene uko juu ya freti ya 12 kwa milimita 6. Tena kuna kitu sikielewi. Vile vishanga vya shaba vya mwisho wa nyuzi havikuingia ndani, vimekwama nyuma ya matundu ya daraja.

Mzee_wa_Solo
Subiri. Shingo ina upana gani pale kwenye mfupa wa kichwani? Na ukitazama ndani, kuna chuma chochote cha kunyooshea shingo?

Ridimu_Makindye
Milimita 52. Chuma hakuna.

Mzee_wa_Solo
Basi fundi wa Jinja hana kosa hata kidogo. Hilo ni gitaa la nyuzi za nailoni! Daraja lenye matundu ya kufungia, shingo pana, halina chuma. Mtu kalivalisha nyuzi za chuma. Nailoni huvuta kilo 40 hivi kwa jumla. Chuma za kawaida huzidi 70. Gitaa limebebeshwa mzigo wa punda wawili na bado limesimama. Mimi ningemheshimu aliyelijenga.

KakaWaNtinda
Kwa hiyo sasa anunue gonjwa?

Mzee_wa_Solo
Anunue kwa bei ya mgonjwa. Alegeze nyuzi leo hii, zitolewe zote, likae wiki mbili au tatu kivulini. Uso hurudi kiasi, si wote. Daraja litolewe kwa joto taratibu na kubandikwa upya.

Fundi_Mgeni_Gulu
Tafadhali usimpelekee fundi wa makochi. Wa kwangu alinipigia skrubu mbili juu ya daraja akanambia "halitoki tena". Kweli halikutoka, lilipasua uso. Tena mwezi wa kwanza, wakati huku kaskazini ni kukavu kabisa. Gitaa lililozoea unyevu wa karibu na ziwa, ukilileta huku Januari, lifunge kwenye mfuko wake na kitambaa chenye unyevu ndani ya kikopo chenye matundu.

Dada_Adungu
Swali ambalo hakuna aliyeuliza: kwaya yenu ina ngoma na kibodi? Nailoni itamezwa. Ridimu ya kuchapa inataka chuma, au utie kipaza sauti cha ndani. Gitaa linaweza kuwa zuri na lisiwe lako.

Ridimu_Makindye
Dada, umenigusa penyewe. Ngoma tatu, na kibodi ya mchungaji haizimwi.

Nimeongea na mzee. Kumbe nyuzi za chuma alizitia mwanawe, alisema nailoni "hazina nguvu". Nimempa 300,000, amekubali 380,000, na nyuzi tumezilegeza pamoja mezani pake. Kanisani nitaendelea na upinde wangu hadi nipate kipaza sauti. Hili ni la barazani, usiku. Sasa nisaidieni: nani Kampala anajua kutoa daraja bila skrubu?