Tupeane uzoefu: kutu kwenye pikapu za zamani

Mzee wa Chumbageni: Wakuu, jana nimepita Hilux imekatika chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, katikati ya barabara, nikakumbuka yangu. Sisi wa pwani na magari yetu ya zamani, kutu mnapambana nayo vipi?

Mama Samaki: Umenitonesha kidonda, kaka. Nilikuwa na Hilux ya 1989, nabeba samaki Pangani kuleta Tanga. Maji ya barafu yenye chumvi yanachuruzika usiku kucha hadi ndani ya chasisi, mimi naosha bodi tu. Matundu yalipotokea, fundi akajaza pati, ile lipu laini ya kuzibia bodi, akapiga rangi, gari iking'aa. Miezi minne baadaye, alfajiri, tumepita Kigombe, nikasikia mlio kama mti unaanguka. Kishikio cha springi ya nyuma kimeng'oka na kipande cha chasisi, bodi imelalia tairi, moshi. Kijana wangu aliyekaa juu ya matenga akarushwa kichakani, akavunjika mkono. Baadaye nilichoma bisibisi pale palipopakwa rangi, ikazama kama kwenye muhogo uliooza. Ile pati sijaisamehe mpaka leo.

Dereva Mstaafu: Pole sana mama. Pati haibebi mzigo.

Fundi Bati: Mafundi wa hivyo wanatuharibia jina. Kutu inakatwa mpaka ufike kwenye chuma kizima. Bodi utaweka bati la milimita moja, lakini chasisi inataka pleti nene kama yenyewe, ncha zikatwe mshazari, zisiishie wima. Kabla ya kuchomelea chomoa betri, teremsha na tangi la mafuta. Ukimaliza, zibua matundu ya chini ya kutolea maji, maana yakiziba kutu inarudi palepale.

Kijana wa Raskazone: Paka oili chafu chini, yaishe. Baba alifanya hivyo miaka yote.

Fundi Bati: Oili inakula bushi, vile vipande vya mpira kwenye maungio, na inashika mchanga. Tena unaimwaga ardhini.

Kijana wa Raskazone: Bushi nabadilisha kwa nusu saa. Chasisi utabadilisha wewe?

Fundi Bati: Ukiipaka juu ya kutu umeifunika tu, kama ile pati ya mama.

Msafiri: Niko Minnesota, Marekani. Huku barabara zinamwagiwa chumvi majira ya baridi kuyeyusha barafu, pikapu zinaliwa kuanzia chini. Mimi kila wiki napuliza maji chini ya gari, kwenye chasisi hasa.

Dereva Mstaafu: Mama, yule kijana yuko wapi sasa?

Mama Samaki: Ninaye bado. Mkono haunyooki vizuri. Matibabu nililipa yote, na tangu siku ile hapandi mtu juu ya mzigo wangu.

Mzee wa Chumbageni: Kesho napandisha yangu juu ya mawe, naigonga nyundo yote nisikie palipooza.

Fundi Bati: Usiweke mawe mzee, tafuta magogo. Na ugonge zaidi juu ya ekseli ya nyuma, ndipo inapoanzia.