Naomba ushauri: mradi wangu kuhusu habari mbaya

Hamjambo wenzangu. Nasomea usanifu wa michoro hapa Nairobi, mwaka wa mwisho, na mradi wangu unahusu jinsi habari mbaya zinavyotulemea. Mama yangu huzima runinga taarifa ya saa moja usiku ikianza. Tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, anasema, moyo wake haustahimili tena. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Kwa wiki tatu nimekata vichwa vya habari vya kurasa za kwanza, vya vifo na ajali nikavipaka rangi nyekundu. Ukuta wangu ni mwekundu karibu wote.

Sasa nimekwama. Sitaki kuficha ukweli, maana ufisadi lazima uanikwe. Nitengeneze mabango ya kubandika ndani ya matatu, au programu ya simu? Na nitawahojije wasomaji bila kuwatonesha vidonda?