Nimenyimwa nyumba Texas kwa wizi wa mtu mwingine! Faili liko wazi kaunti, hawa wauza ripoti hawalifungui

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina hasira, niacheni niseme.

Nimekataliwa nyumba ya kupanga hapa Texas kwa sababu karatasi ya kampuni fulani, hizi zinazowauzia wenye nyumba ripoti za historia za watu, inasema mimi ni mwizi niliyetiwa hatiani. Wizi wa dukani, mwaka 2012, kwenye kaunti ambayo sijawahi kulala hata usiku mmoja. Mwaka 2012 nilikuwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, Tanzania, napanga foleni ya unga wa msaada kama watu wengine. Na hiyo si siri. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wanajua, na serikali ya Marekani yenyewe inajua, maana ndiyo iliyonihoji na kunichukua alama za vidole kabla sijaruhusiwa kupanda ndege. Sasa huyo mimi wa Texas alikuwa anaiba saa ngapi?

Ada ya maombi hairudi. Binti wa ofisini alinisogezea karatasi kwa ncha ya kalamu, akasema mfumo ndio umekataa. Mfumo! Nikamuuliza nani amesoma hilo faili la kesi, akanitazama tu.

Nieleze tatizo liko wapi, maana najua humu tuko wengi wenye tarehe ya kuzaliwa 01/01. Kule kambini mzazi akiulizwa mtoto kazaliwa lini, anasema ni msimu ule wa mihogo, vita vilipofika kijijini. Karani hana sehemu ya kuandika mihogo, anaandika Januari mosi na mwaka wa kukisia. Ndiyo maana makanisani kwetu huku ukifika mwaka mpya nusu ya waumini wanatimiza miaka siku moja, na tunacheka. Halafu majina: la babu limefanywa la ukoo, la ubatizo likawekwa mbele, la kwetu lenyewe limetupwa katikati au limepotea njiani. Ukishaondoa la katikati, nimebaki na majina mawili ambayo ukiita sokoni watageuka watu sita.

Kampuni hizi zinanunua orodha za kesi kwa jumla kutoka kila pembe, zinazirundika kwenye kompyuta, na mwenye nyumba akituma jina lako, mashine inalinganisha. Jina la kwanza sawa, la mwisho sawa, tarehe ya kuzaliwa sawa: huyo ni wewe. Ripoti inatoka ndani ya dakika chache na pesa imeingia. Wakati sheria ya mwaka 1970, Fair Credit Reporting Act, inawataka wafuate utaratibu wa kuhakikisha usahihi wa juu kabisa unaowezekana. Usahihi gani huu wa kubandika mwizi kwa mkimbizi kwa sababu ya siku ya kuzaliwa iliyobuniwa na karani wa kambini?

Nikaamua niifuate hiyo kesi hukohuko kaunti. Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu kila unayemuuliza anakuambia "nenda polisi", na polisi siyo mahali pake.

Kwanza, usiondoke bila barua ya kukataliwa. Ukinyimwa nyumba au kazi kwa ajili ya ripoti, lazima wakutajie kampuni iliyoitoa, na ndani ya siku 60 una haki ya kupewa nakala ya ripoti bure. Ndani ya nakala tafuta vitu viwili: jina la kaunti na namba ya kesi. Bila hivyo utazunguka mpaka uzeeke. Texas peke yake ina kaunti 254, Marekani nzima zinapita 3,000, na kila moja inatunza majalada yake kivyake. Usije ukadhani kuna sehemu moja utabofya upate yote. Idara ya Usalama wa Umma ya Texas, DPS, ina orodha yake mtandaoni unayoweza kutafuta kwa dola chache, lakini inategemea kaunti zimepeleka taarifa gani, na nayo unatafuta kwa jina. Yaleyale. Zile tovuti za "weka jina la mtu uone uhalifu wake kwa dola moja" ndizo kabisa msizisogelee. Utakatwa pesa kila mwezi na utapewa takataka ileile iliyokuangamiza.

Faili lenyewe liko kwa karani wa mahakama. Na karani yupi sasa? Texas makosa makubwa yanasikilizwa mahakama za wilaya, kwa hiyo unatafuta mlango ulioandikwa District Clerk, yaani karani wa mahakama ya wilaya. Makosa madogo yenye jela, daraja A na B, kwa kaunti nyingi yako kwa County Clerk, karani wa kaunti, ingawa ziko kaunti ambazo karani mmoja anashika yote. Daraja C, yale ya faini tu, yako kwa Justice of the Peace, hakimu wa kesi ndogondogo, au mahakama ya mji. Mimi nilipelekwa dirisha hili, nikarudishwa lile, ghorofa ya chini, ghorofa ya juu, na kila dirisha lina foleni yake na mlinzi anayekuvulisha mkanda. Kaunti kubwa zina utafutaji mtandaoni, kwa hiyo jaribu kwanza huko ukiwa nyumbani. Tafuta jina lako kwa kila mpangilio: la ukoo mbele, la ukoo nyuma, bila la katikati, na zile tahajia mbovu ulizoandikiwa uwanja wa ndege.

Kesi yenyewe nikaipata. Wizi wa daraja B, ambao adhabu yake inaweza kufika siku 180 jela. Nikaomba hukumu yenyewe, sikutaka muhtasari wa kwenye skrini. Mama mmoja mtu mzima, wa kwanza kunitazama usoni siku ile, akaniletea. Na chini ya hukumu, wakuu, kuna dole gumba. Dole gumba la kulia la mshtakiwa, la wino mweusi, mistari yote inaonekana. Sheria ya Texas inataka kila anayehukumiwa kwa kosa linaloweza kumpeleka jela abonyeze dole gumba kwenye hukumu yake au kwenye daftari la kesi, makusudi kabisa ili asije akachanganywa na mtu mwingine! Kuna hati ya mashtaka yenye anwani. Kuna namba ya leseni ya udereva iliyotolewa wakati mimi sijui hata usukani wa trekta. Yote hayo yamo kwenye jalada moja, mtu yeyote anaruhusiwa kuomba kuona. Kampuni inayojiita ya uchunguzi haikutumia hata dola 1 ya nakala ya ukurasa mmoja.

Kwa hiyo wale wa "lisemwalo lipo" naomba mpite kimya.

Ukifika hapo, lipia nakala yenye muhuri wa karani. Ya kawaida hawaitilii maanani. Na kama ukitafutiwa usionekane kabisa, kaunti nyingi zitakupa barua yenye muhuri kwamba jina lako halimo, ichukue hata kama hujui utaitumia wapi. Mimi nilituma pia alama za vidole FBI. Ni dola 18, na zipo posta zinazochukua vidole kwa mashine ingawa huko unaongeza ada yao. Jibu la vidole halina habari na Januari mosi.

Halafu andika malalamiko kwa kampuni, kwa maandishi, kwa posta ya kusajiliwa yenye risiti ya kupokelewa. Usikubali kumalizana nao kwa simu. Wana siku 30 za kuchunguza na kukujibu, wanaweza kujiongezea 15 ukiwatumia taarifa mpya katikati. Waliniondolea. Sawa. Barua ya mistari minne, hakuna hata neno pole. Nyumba ilishapangishwa mtu mwingine zamani.

Nikaomba nyumba nyingine mtaa wa jirani. Wao wanatumia kampuni tofauti. Mwizi wa 2012 huyu hapa tena!!! Kumbe ukifuta huku, kule wana nakala yao ya zamani, na wa tatu ana yake. Kila mmoja unaanza naye upya, barua, muhuri, siku 30, huku watoto wanalala sebuleni kwa shemeji yangu.

Nimeambiwa na mtu wa msaada wa kisheria kwamba kampuni kama hizi zinashitakiwa mahakama ya shirikisho, kwamba una miaka miwili tangu ugundue kosa, na wapo mawakili wasiodai pesa mbele kwa sababu ukishinda sheria inailazimisha kampuni imlipe wakili wako. Hiyo ndiyo njia naifuata sasa, maana naona barua za upole wanazifanyia mzaha.

Jambo jingine, niliseme haraka kwa ajili ya vijana wetu. Wapo wenye kesi za kweli, zao wenyewe, waliopewa ule mpango wa Texas wa kuahirishiwa hukumu, ukimaliza masharti kesi inatupwa. Wanatembea wakisema rekodi ni safi. Kwa mahakama ya Texas huenda ni safi, ila kwa Uhamiaji, ukishakiri kosa na hakimu akakuwekea masharti, hiyo inahesabika kuwa umetiwa hatiani. Fomu ya uraia inauliza hata kesi zilizofutwa. Kabla hujajaza, chukua hukumu yenye muhuri kwa karani na umwone mwanasheria wa uhamiaji. Usimwone yule jamaa wa kujaza fomu kanisani.

Sasa swali langu, na naomba majibu ya waliopitia, sitaki nadharia. Wa Louisville, Dayton, Phoenix, na popote walipo watu wa 01/01: kuna aliyefanikiwa kujifuta kwenye hizi kampuni zote kwa mpigo, au ni lazima kuifukuza moja moja? Na kuna aliyekwenda mahakamani kurekebisha tarehe ya kuzaliwa? Ilimsaidia, au ndiyo alianza kuulizwa upya Uhamiaji yeye ni nani?