Kerneli yangu yaharibu hesabu nikiwasha saa. Niiache C niende Rust?

KijanaWaKisauni:
Assalaam alaykum wanajamvi. Mchana nauza vifuniko vya simu Mwembe Tayari, usiku najitengenezea kerneli ndogo, yaani kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta. Si ya biashara, ni kiu tu ya kujua. Naandika kwa lugha ya C na asembli kidogo, kompaila (programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ni GCC ile iliyokuja na Ubuntu, aina ya Linux, majaribio nafanyia ndani ya QEMU, kompyuta ya kuigiza.

Ilipokuwa ya biti 32 ilitulia tuli. Nilipoihamishia biti 64 ndipo balaa lilipoanza. Nina fanksheni ya kujumlisha 1 hadi milioni mia. Intarapti ya saa, ile ishara inayoikatiza prosesa kazi kila baada ya muda, ikiwa imezimwa, napata 5000000050000000 bila kukosea. Nikiiwasha, jibu linatoka la ovyo, na nikirudia latoka jingine. Binamu yangu aliye chuoni asema C imezeeka, nihamie lugha ya Rust. Nina wiki mbili silali vizuri. Nifanyeje?

Chapati_Mayai:
Weka neno volatile kwenye hizo namba zako, kompaila izisome upya kwenye memori kila mara, yakhe. Mimi huniponya kila mara.

KijanaWaKisauni:
Nimeweka. Hola.

Bi_Makadara:
Waalaykum salaam. Kabla hujaitupa C, nijibu: hiyo fanksheni ndani yake yaita fanksheni nyingine?

KijanaWaKisauni:
La, dada. Ni kitanzi tu na kujumlisha.

Bi_Makadara:
Basi mwizi namjua. Kwenye Linux ya biti 64, kompaila ina ruhusa ya kutumia baiti 128 zilizo chini ya kielekezi cha staki (alama ya ulipofika kwenye memori ya kazi za muda) bila kukisogeza. Fanksheni isiyoita nyingine huweka vitu vyake humo. Programu ya kawaida haidhuriki, maana intarapti ikija prosesa huhamia staki ya kerneli. Lakini wewe tayari uko ndani ya kerneli! Prosesa haihami, yasukuma rejista zake tano (vihifadhi vidogo vya ndani yake), baiti 40, palepale ulipoweka jumla yako. Ni kama umeanika nguo njiani halafu wamlaumu mwenye mkokoteni. Ndiyo maana volatile haikusaidia: namba inabaki mahali palepale pa kukanyagwa. Na biti 32 haina ruhusa hiyo, ndipo ukatulia.

Ongeza -mno-red-zone, ya kuzima hizo baiti 128, unapokompaili kila faili la C. Linux yenyewe hufanya hivyo, fungua arch/x86/Makefile utaikuta. Tena hiyo GCC ya Ubuntu inadhani waandikia Ubuntu. Jijengee x86_64-elf-gcc, GCC isiyolenga mfumo endeshi wowote, na -ffreestanding, ya kuiambia hakuna mfumo chini yako, usiisahau.

Fundi_Tudor:
Dada kasema kweli, ila Rust msiipige vita. Imeingia Linux toleo la 6.1, Desemba 2022, na yazuia makosa mengi ya memori kabla hujaendesha chochote. Target (mashine unayoiandikia) ya x86_64-unknown-none inazima hizo baiti 128 yenyewe.

Bi_Makadara:
Sijaipiga vita, kaka. Lakini angeanza na target nyingine angeangukia shimo lilelile, kwa kuwa hili ni la kompaila na prosesa kukubaliana, si la lugha. Na kugusa rejista za kifaa atalazimika kuandika unsafe tu, neno la kulegeza ulinzi wa Rust. Unix iliandikwa upya kwa C mwaka 1973, hadi leo sehemu kubwa mno ya Linux ni C. Ataisomaje kazi ya wenzake bila C? Ajifunze Rust baadaye, kwa kupenda, si kwa kukimbia.

KijanaWaKisauni:
Wanajamvi, nimerudi. Kujenga hiyo GCC kwenye laptopu ya RAM ya GB 4 kumekula usiku mzima, na stima ilipotea mara moja katikati. Lakini 5000000050000000, mara hamsini mfululizo, saa ikiwaka! Dada, ukipita Mwembe Tayari kahawa na kashata ni juu yangu. Volatile nimezitoa zote.

Swali dogo tu: nimeunganisha kibodi, nikibonyeza herufi mara moja kerneli yaniambia kumebonyezwa mara mbili.

Chapati_Mayai:
Kibodi ya mchina hiyo.

Bi_Makadara:
Kibodi ni nzima. Moja ni ya kubonyeza, ya pili ni ya kuachia. Fungua uzi mwingine.