Tupeane uzoefu: leseni na makaratasi ya gari kwa mgeni anayeishi Kigoma na kuvuka mpaka

MwandigaStendi

Wakuu, habari za majukumu. Mkoa wetu una wageni wengi wanaoishi na kufanya kazi: watafiti wa sokwe Gombe na Mahale, madaktari wa misheni, watu wa mashirika Kasulu na Kibondo, wafanyabiashara wenye ndugu na mizigo Bujumbura. Karibu wote wanaendesha, na siku ya kuvuka ndipo inapojulikana kwamba kuna karatasi iliyoachwa nyumbani. Tuweke hapa tunayoyajua kwa hatua, ili hata mwenyeji anayemsaidia mgeni ajue aanzie wapi.

Naanza na njia. Lami ya Mwandiga hadi Manyovu ni km 60, na ng'ambo ya mpaka ni Mugina. Ukishavuka unapita Mabanda, unashuka Nyanza-Lac, kisha unafuata ziwa kupitia Rumonge hadi Bujumbura. Walioko Kibondo wana Mabamba. Malori mengi ya Burundi hupita Kabanga na Kobero, upande wa Ngara. Kongo hatuna mpaka wa nchi kavu, ni maji matupu.

Kumbukeni pia saa. Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja: Manyovu ikiwa saa nne asubuhi, Mugina ni saa tatu. Wakati wa kwenda unaongezewa saa, wakati wa kurudi unapunguziwa. Ukitoka Bujumbura ukihesabu saa za huko, unafika upande wetu jioni imeshaingia.

La msingi kuliko yote: mtu anavuka kwa karatasi zake na gari linavuka kwa karatasi zake. Pasipoti kugongwa muhuri hakumaanishi gari limeingia. Ukitoka uhamiaji, forodha bado.

Dereva_wa_Shirika

Nizungumzie leseni, maana hapa ndipo maneno ya mtaani ni mengi.

Mgeni wa matembezi anaendesha kwa leseni ya kwao pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha. Kile kijitabu peke yake si leseni, ni tafsiri ya leseni iliyotolewa nchi nyingine. Askari akikuomba leseni ukampa kijitabu tu, hujampa kitu. Vijitabu vya mfano wa mkataba wa kimataifa wa barabara wa 1949 vina uhai wa mwaka mmoja, na leseni ya kwao ikiisha kabla, kijitabu nacho kimeisha hata kama tarehe yake bado.

Mgeni mwenye kibali cha ukaazi, iwe daraja A la mwekezaji, B la mwajiriwa au C la mmisionari, mtafiti na mwanafunzi, atafute leseni ya Tanzania mapema. Hatua ni hizi.

Kwanza TIN, yaani namba ya mlipakodi. Raia anaipata mtandaoni kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Mgeni ni rahisi zaidi akienda ofisi ya TRA (mamlaka ya mapato) mwenyewe na pasipoti, kibali cha ukaazi na nakala zake. Hapo jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Wageni wengi wana majina matatu au manne. Karani akiandika mawili, leseni itatoka na mawili, na mpakani utaulizwa kama huyu na yule ni mtu mmoja.

Pili, ofisi ya usalama barabarani ya mkoa. Peleka leseni halisi ya kwao, siyo picha kwenye simu. Kama imeandikwa kwa lugha ambayo si Kiswahili wala Kiingereza, itafsiriwe kwanza kupitia ubalozi au BAKITA (baraza la Kiswahili la taifa). Wafaransa, Wachina na Wakongo wengi hurudishwa hapo. Polisi wataikagua leseni, na ada ya kujaribiwa ni shilingi 3,000. Anayeanza kujifunza hana njia ya mkato: leseni ya kujifunzia ni 10,000 na inadumu miezi 3, anapita chuo cha udereva, kisha ndiyo mtihani wa polisi.

Tatu, unarudi TRA kwa picha, alama za vidole na saini. Wanakupa control namba (namba ya malipo), unalipa 70,000 benki au kwa simu, na leseni inadumu miaka 5.

Angalieni madaraja. A ni pikipiki. B ni gari dogo lisilo la biashara. Magari ya abiria yako C na vipengele vyake, malori makubwa E. Mtu wa kwao anaweza kuwa na daraja linaloruhusu basi dogo, halafu hapa akapewa B tu kwa kuwa hakusema anataka nini. Kama kazi yake itakuwa kubeba wafanyakazi kwenye Coaster, aseme siku ya kwanza.

Mama_Gungu

Asante kaka, umeeleza vizuri. Naomba kuongezea kwamba leseni ya Tanzania anatembea nayo Burundi bila shida kwa safari ya kawaida. Ila apige nakala mbili za rangi aziweke mbali na pochi. Kadi ikipotea Rumonge, nakala haitamruhusu kuendesha, lakini itamsaidia kutoa taarifa polisi.

WakalaManyovu

Sasa gari la namba za Tanzania linalotoka. Vitu vya kuwa navyo mkononi:

Kadi ya gari halisi. Bima ya hapa iliyo hai. Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika). Barua ya idhini kama gari si lako. Pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ya kuwaonyesha maafisa wa afya. Hizo kadi mbili msizichanganye: moja ni ya mwili wako, nyingine ni ya bima ya gari.

Barua ya idhini inaangusha wengi. Gari la shirika limeandikwa jina la shirika, anayeendesha ni mtaalamu wa kigeni, na anachobeba ni kitambulisho cha kazi. Hakitoshi. Barua itaje jina kamili la dereva na namba ya pasipoti, namba ya gari, namba ya chasi, nchi anazoingia na tarehe ya kwenda na kurudi. Isainiwe, igongwe muhuri wa ofisi, na wakili athibitishe. Andikeni mbili, moja ya Kiingereza na moja ya Kifaransa, kwa sababu ng'ambo shughuli za ofisini zinafanyika kwa Kifaransa. Huko kadi ya gari wanaiita carte rose, na ukiombwa hiyo toa kadi yako ya Tanzania.

Forodha ya Manyovu wajulishe kwamba gari linatoka kwa muda, liandikwe. Ukipuuza, siku ya kurudi unaweza kuanza kueleza upya gari limetoka wapi. Ng'ambo nako OBR (mamlaka ya mapato ya Burundi) watakupa kibali cha muda cha gari. Kisome papo hapo dirishani: namba ya gari, jina, idadi ya siku. Herufi ikikosewa, irekebishwe kabla hujawasha gari. Ukishafika Bujumbura hakuna wa kukurekebishia kirahisi.

Na kabla ya kuondoka Kigoma, angalieni deni la faini kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Kosa moja ni 30,000, na magari ya ofisi hubadilishana madereva, kwa hiyo madeni hayana mwenyewe mpaka siku ya safari.

Kaka_Kasulu

Mkuu Wakala, gari likiwa la mkopo na kadi iko benki inakuwaje?

WakalaManyovu

Benki inatoa nakala ya kadi iliyothibitishwa pamoja na barua kwamba haina pingamizi gari litoke nje ya nchi kwa tarehe hizo. Omba mapema, maana matawi ya mkoani mara nyingi husubiri makao makuu. Nakala uliyoigonga muhuri mwenyewe kwa wakili bila barua ya benki ni karatasi tu, kwa sababu mwenye haki juu ya gari bado hajasema lolote.

FundiKatubuka

Mimi naongelea gari lenyewe. Kadi inasema chasi, injini, rangi. Afisa akitaka kuhakiki, ataangalia hivyo vitatu.

Land Cruiser hizi ndefu zinazopendwa huku, namba ya chasi imegongwa kwenye fremu upande wa kulia, mbele, karibu na gurudumu. Usukani ukatwe kushoto mpaka mwisho ndiyo nafasi inaonekana. Barabara zetu zina udongo mwekundu unaogandamana na grisi, namba inafunikwa kabisa. Tumieni brashi ya waya laini na mafuta ya taa, futeni kwa kitambaa, basi. Msipige msasa wala grenda. Namba iliyokwaruzwa inaonekana kama iliyochezewa, na gari linashikiliwa kwa uchunguzi.

Injini: magari mengi ya kazi yameshabadilishwa injini. Kama namba mpya haijaingizwa kwenye kadi, ingizeni kabla ya kuvuka. Rangi vilevile: gari lilikuwa jeupe kwenye kadi, shirika likalipaka kijani.

Pembetatu za kuakisi ziwe mbili, kizima moto kisiwe kimeisha muda, tairi la akiba lenye upepo. Bandikeni nyuma duara la EAT, alama ya nchi ya gari la Tanzania. Gari la Burundi linakuwa na RU.

Bima_Lumumba

Wakuu, bima ndiyo yenye hasara kubwa ikikosewa, niruhusuni niende taratibu.

Bima ya mtu wa tatu kwa gari dogo binafsi ni 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Hiyo inaishia mpakani. Kadi ya Njano inabeba hiyohiyo dhamana ya mtu wa tatu kwenye nchi nyingine za mpango, zikiwemo Burundi, Kongo, Rwanda, Uganda, Kenya, Zambia na Malawi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango wa Kadi ya Njano bado tumo, msibishane na mtu kuhusu hilo.

Inanunuliwa juu ya bima iliyopo, kwa kawaida kampuni ileile. Haitangulii bima na haidumu kuliko bima. Kama bima yako inaisha tarehe 10 na safari inaisha tarehe 15, ihuishe kwanza hapa ndipo ukate kadi. Nchi unazokwenda lazima ziwe zimetajwa au kuwekewa alama. Mtu anapanga Bujumbura, akifika anaamua kuteremka Kigali, na Rwanda haimo.

Kubwa ambalo wageni hawaambiwi: Kadi ya Njano haitengenezi gari lako. Ukigonga ng'ombe wa mtu Nyanza-Lac, mwenye ng'ombe analipwa. Bampa na rejeta yako ni juu yako, hata kama hapa nyumbani una bima kubwa, isipokuwa kampuni imekuongezea eneo kwa maandishi. Ombeni hiyo nyongeza, ielezwe nchi na tarehe, na ibaki kwenye gari.

Ajali ikitokea: usiondoke bila taarifa ya polisi wa huko yenye namba, piga picha Kadi ya Njano na gari la mwenzako, piga simu kampuni siku hiyohiyo. Usisaini makubaliano ya kulipana barabarani.

Mama_Gungu

Na kuna wanaotafuta stika ya bima kwenye kioo. Siku hizi uhakiki unafanyika kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) kwa namba ya gari. Ukishalipa, hakiki mwenyewe. Isipoonekana, hujakatiwa bima hata kama risiti unayo. Na ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017, asije mtu akamtoza mgeni.

WakalaManyovu

Tugeuze upande: gari la nje linaloingia kwetu.

Njia mbili. Moja ni kibali cha muda cha forodha kinachotolewa mpakani. Nyingine ni kaneti, kitabu cha dhamana ya ushuru ambacho mgeni anakuja nacho kutoka chama cha magari cha nchi yake, kinachodumu mwaka mmoja. Kila ukurasa una vipande vitatu: cha kuingia kinachukuliwa na forodha ukiingia, cha kutoka kinachukuliwa ukitoka, na kishina kinabaki kitabuni kikiwa na mihuri miwili. Kishina chenye muhuri mmoja maana yake gari halijatoka, na dhamana inaweza kudaiwa hata kama gari liko Ulaya limepaki. Hakikisheni mihuri yote miwili inasomeka.

Kibali cha muda nacho kina siku zake. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaweka ukomo wa miezi 12 kwa kitu kilichoingizwa kwa muda. Gari hilo haliuzwi, halikodishwi, haliwekwi rehani, wala haliazimwi kwa jirani aende Ujiji sokoni.

Na hapa ndipo wageni wakaazi wanapojiingiza pabaya. Mtu anaishi Kigoma kwa kibali cha daraja B, ananunua gari la namba za Burundi kwa bei nzuri, kisha kila kibali cha gari kikikaribia kuisha analivusha Mugina na kurudi. Ni mkaazi, kwa hiyo gari lake la kila siku linatakiwa lilipiwe na lisajiliwe hapa. Likikamatwa atadaiwa ushuru wote: asilimia 25 ya forodha, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, na ada ya uchakavu kama lina miaka 8 na zaidi. Gari lenyewe linaweza kutaifishwa.

Anayehamia mara ya kwanza ana unafuu wa halali: gari moja, alilolimiliki na kulitumia mwenyewe nje ya Jumuiya kwa angalau miezi 12 kabla ya kuhama. Ushahidi ni kadi ya zamani na bima za huko kwa jina lake. Akija kuliuza hapa kwa mtu asiye na msamaha, ushuru unalipwa.

FundiKatubuka

La kuendesha kulia ukiwa Burundi msilisahau. Taa za magari yetu zinainua mwanga upande wa kushoto, na ukiwa Burundi kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Kateni utepe mweusi, funikeni sehemu ya kioo inayotupa mwanga juu kushoto. Jaribuni usiku mbele ya ukuta kabla ya safari. Kipilefti mnaingilia kulia na kuzunguka kinyume na mwendo wa mshale wa saa. Kupita lori ukiwa na usukani wa kulia huoni mbele, kwa hiyo kaa nyuma kwa nafasi, na abiria wa kushoto asiwe amelala.

Jazeni tangi Kigoma, Burundi mafuta yamekuwa ya shida. Madumu ya ziada msivuke nayo bila kuuliza forodha.

BandariniKigoma

Kwa wanaokwenda Kalemie au Uvira: gari likipanda meli ni mzigo. Linahitaji wakala wa forodha, linaingizwa kwenye orodha ya mizigo ya meli, na upande wa pili linapokelewa na DGDA (forodha ya Kongo), wewe ukienda DGM (uhamiaji wa Kongo) kwa pasipoti. Jina la mpokeaji kwenye hati ya meli liwe lilelile la kwenye kadi au kwenye barua ya idhini.

Kabla ya kuinuliwa na kreni, punguzeni mafuta, fungueni waya wa betri, toeni vitu vya ndani. Pigeni picha pande nne na dashibodi ikionyesha kilomita, halafu msimamizi wa kupakia asaini mikwaruzo iliyopo. Kamba zipite kwenye matairi au fremu, zisishike bampa. Ufunguo mmoja unabaki na meli, wa pili kaa nao.