A Snake of June: mliokaa mpaka mwisho, ni buluu ile iliyowakalisha?

Mwenye Projekta, Tanga:

Wakuu, salamu. Uzi huu ni wa watu wazima, na nitasimulia karibu hadithi yote ya filamu hii. Ambaye hajaiona na anataka kuiona, apite kwanza, arudi baadaye.

Kazi yangu ni kukodisha projekta na spika kwenye harusi na vikao. Wiki isiyo na shughuli natundika shuka sebuleni, naita watu watano sita, tunaangalia kitu ambacho hakuna kibanda umiza kitakachokiweka. Jumamosi iliyopita nikaweka A Snake of June ya Mjapani Shinya Tsukamoto, ya mwaka 2002. Dakika 77 tu. Nikajua haitamchosha mtu. Kumbe nimeita ugomvi nyumbani kwangu.

Kwa ufupi: Rinko anafanya kazi ya kupokea simu za watu waliokata tamaa ya kuishi. Mumewe, Shigehiko, kamzidi umri, kipara, ana wazimu wa usafi. Anasugua sinki mpaka unalionea huruma sinki. Wanaishi kwa heshima kama wapangaji wa nyumba moja, na kulala ni kila mtu kwake. Siku moja Rinko analetewa bahasha ya picha zake, amepigwa kwa siri akiwa peke yake, katika faragha ambayo hata mume hajawahi kuiona. Mpiga picha, Iguchi, ni mtu aliyewahi kumpigia simu kazini akitaka kujiua, naye akamtuliza. Sasa anarudisha fadhila kwa njia yake: anampa simu ya mkononi, anamwamuru atoke mtaani akiwa amevaa sketi fupi, ile anayotamani kuivaa ila huivaa kwa kujificha, afanye lile analolitamani na kuliogopa. Akitii, atarudishiwa negativu.

Halafu kuna hiyo rangi. Picha ni za nyeusi na nyeupe, kisha zote zimezamishwa kwenye buluu, kama kanzu iliyozidishiwa buluu ya kufulia. Umbo lake karibu mraba, kama TV ya chogo. Na mvua! Juni kule kwao ndiyo msimu wake, basi inanyesha tangu mwanzo. Na huku kwangu masika inapiga bati, ikafika mahali sijui ipi ya Tokyo, ipi ya Tanga.

Shemeji alitoka pale mume anapojikuta amefungwa usoni kitu kama faneli, anachungulia kwa tundu. Alisema, "Huu ni uchafu uliovalishwa suti," akachukua mwavuli wake. Jirani yangu fundi friji hakupepesa jicho, na filamu ilipoisha akasema hajawahi kuona hadithi ya mume na mke iliyo ya kweli namna hii. Binamu analalamika: "Nimeitwa kwenye mapenzi, nimeonyeshwa mvua." Mke wangu hakusema kitu. Alikunja shuka.

Mimi niliipenda, sifichi. Ila usingizi ulikata. Nikawaza: matukio yale yale, mwanamke anatishwa kwa picha zake za utupu, yangepigwa mchana wa jua kwa rangi za kawaida, ningekaa? Mtaani kwetu mtu wa hivyo tungempeleka polisi. Au buluu imenipitisha mlango ambao kwa miguu yangu nisingepita?

Mzee wa Reli, Morogoro:

Mdogo wangu, umenikumbusha mbali. Hata kwenye tamasha la filamu la Venice, Italia, mwaka ule ule wa 2002 ilipewa tuzo maalumu ya majaji kwenye kitengo chao cha filamu zinazokwenda kinyume na mkondo, kwa hiyo huyo fundi friji wako ana wenzake.

Kitu kimoja hujakitaja. Yule Iguchi, mwovu mwenyewe, anaigizwa na nani? Ni Tsukamoto. Hakutafuta kijana mzuri wa sura ili tumpende. Kaweka mwili wake mwenyewe, mgonjwa, umekonda, akajipa kazi ya kuchungulia. Kwangu mimi hayo ni maungamo: anayepiga picha hizi ni mimi, na wewe uliyekaa hapo kwenye kochi unazitazama pamoja nami. (Aliyeiona Silence ya Scorsese ya 2016, yule Mokichi anayefia msalabani huku mawimbi yanampiga ndiye huyu huyu. Nilipomtambua nilisimama.)

Na binamu yako ana haki kulalamika. Watu wanasikia "filamu ya Kijapani ya mahaba" wanafikiria In the Realm of the Senses ya Nagisa Oshima ya mwaka 1976, ile ya kisa cha kweli cha Abe Sada cha 1936, mwanamke aliyemuua mpenzi wake. Oshima alipigia Japani, lakini mikanda ikapelekwa Ufaransa ikasafishwe huko, kwa sababu sheria ya kwao ya mambo ya aibu isingeiruhusu. Pale ugomvi ulikuwa juu ya kilichoonyeshwa. Kwa Tsukamoto kinachoonyeshwa ni kidogo mno: uso, maji, pumzi, kioo chenye ukungu. Anayetafuta nyama ataondoka na njaa.

Kuhusu buluu, sikubali kwamba inadanganya. Ila nitakuwa mwongo nikisema najua inafanya nini.

Kitumbua cha Moto:

Nimekaa pale nasubiri link.

Dada wa Zamu ya Usiku, Mombasa:

Nimesoma nikataka kupita, nimeshindwa.

Nilipokea simu za aina hiyo miaka mitatu, zamu ya usiku. Sitasema wapi. Kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kutotoa jina, na cha pili ni kutobeba simu ya jana mpaka leo. Wapo wanaopiga tena kukushukuru, na wengi ni watu wema kabisa. Lakini kuna ile sauti moja inayosema, "Wewe umeniokoa, nataka nikulipe," na mkono ulioshika simu unaingia ganzi kabla hujajua kwa nini.

Kwa hiyo mimi sikutoka kwenye faneli, wala kwenye picha. Nilizima pale Rinko anapoinua simu na kugundua ni mteja wake. Nilikaa karibu miaka miwili bila kuimalizia.

Nyinyi mnabishana kuhusu sketi. Mimi naona alichoibiwa kwanza ni kusikiliza kwake. Huyu dada kazi yake ni kukaa kimya upande mmoja wa simu ili mwingine aseme. Yule bwana akaligeuza: sasa nitakuwa nakusemesha mimi, sikioni, katikati ya watu, na wewe huwezi kukata. Angalieni uso wake anapotembea na ile sauti. Mwigizaji Asuka Kurosawa anafanya kitu ambacho nimekifanya mimi: kutabasamu kidogo kwa mtu asiyekuona, ili sauti yako isitetemeke. Sijui alikipata wapi.

Kaka wa projekta, umeuliza ungekaa au usingekaa bila buluu. Mimi niliiona na hiyo buluu na sikukaa. Haikunipitisha popote.

Lakini nilirudi, na nilipoimaliza sikuichukia. Hapo ndipo ninapojishangaa.

Baharia Mstaafu:

Mmeandika sana na hakuna hata mmoja aliyetaja saratani.

Dada yangu alikatwa titi mwaka juzi. Niliiona filamu hii kabla ya hapo, nikasema ni ya kihuni. Nikairudia baada ya hapo, peke yangu, kwenye simu, kitandani.

Mume anaona doa kwenye sinki kutoka mlangoni. Uvimbe kwa mkewe haoni. Anayeuona ni mchunguliaji, kwenye picha zake, naye mwenyewe saratani inammaliza. Ndiye anayemwambia aende hospitali. Halafu habari za kukatwa zinapokuja, mume ndiye anayeshindwa kulimeza wazo la mke asiye na titi. Wengi wanasema mtu kama huyo hayupo, ametiwa chumvi. Nilisimama kwenye korido nikamsikia mwanamume akimuuliza daktari swali la kwanza, na halikuwa kama mkewe atapona. Sitasema zaidi, bado ni shemeji yangu.

Kwa hiyo pale Rinko anapocheza mvuani bila nguo, flashi za kamera zinamulika na mume amejificha anatazama, sikuona uchafu hata chembe. Niliona mtu anautazama mwili wake akiwa nao bado mzima.

Lile bomba la chuma linalotambaa kama nyoka ndilo sikulielewa. Mzee wa Reli, hebu.

Mzee wa Reli, Morogoro:

Pole sana ndugu yangu.

Bomba ni deni la zamani. Tsukamoto alijulikana kwa Tetsuo ya 1989, mtu anageuka chuma taratibu mpaka hakuna nyama iliyobaki. Hajawahi kukiacha kile chuma. Hapa kimeingia bila kualikwa na, tukisema kweli, kinaiharibu dakika kadhaa. Filamu ya mume na mke ilikuwa inatembea vizuri, ghafla kimetokea kitu cha jinamizi. Mashabiki wake watanipiga mawe.

Mwenye Projekta, Tanga:

Wakuu, dada, baharia, nimesoma yote, mengine mara mbili.

Jana mvua ilikatika, nikafanya jaribio. Projekta yangu ina kitufe cha kushusha rangi. Nikashusha mpaka sifuri, buluu ikatoka, ikabaki nyeusi na nyeupe. Nikarudia sehemu ya Rinko mtaani na ile simu. Mvua ikawa mchanga. Jasho la yule mume likaonekana jasho, kwenye buluu nilidhani ni maji. Na sauti ya Iguchi, wallahi, ile ile sauti, sikuiweza. Bila rangi hakuna mahali pa kupumzisha macho, basi unasikiliza tu. Nilizima kabla Rinko hajafika kwenye duka analoamriwa kwenda. Kwa hiyo dada wa Mombasa aliisikia tangu mara ya kwanza, mimi nikahitaji kitufe.

Mke wangu alipita na beseni, akasimama, akaniambia niirudishe ilivyokuwa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ile nyingine ilikuwa yake. Hii ni ya yule mwanamume." Akaenda kuanika nguo. Nimeiweka hapa kama alivyosema, sijaitafsiri.

Shemeji naye, yule wa mwavuli, amenipigia leo asubuhi. Ana flashi, anauliza kama naweza kumwekea. Anataka kujua inaishaje tu, basi.