Naomba ushauri: hotspoti ya simu ya nyumbani, nipo Uturuki

Wakuu, habari zenu. Nasoma Ankara, chumbani hakuna Wi-Fi, hivyo kompyuta mpakato naiunganisha kwa hotspoti ya simu niliyokuja nayo kutoka Dar, yenye laini ya hapa. Huku simu ya nje isiposajiliwa hufungiwa laini za Uturuki baada ya siku 120, na kodi ya usajili inazidi bei ya simu yangu (sitanii). Laini ya Tanzania inashika, ila gharama za romingi haziongeleki. Nimejaribu Wi-Fi ya maktaba, lakini kazi zangu nyingi ni za usiku.

Mlioko huku: ninunue simu ya bei ndogo ya hapahapa iwe ya hotspoti tu? Na modemu ya laini kutoka nyumbani, nayo itafungiwa?